Moyo Usiolegea

4 Februari

Mdogo wangu Mlingoti,

Wifi yangu hajambo? Na Somo, bado anazikimbia nguo zake? Nimemshonea sketi mbili za shule na kuacha pindo nene. Mwambie mama yake alishushe kila magoti yanapochungulia. Sisi huku tupo. Bati la jikoni limezibwa. Jirani mwenye kuku amehama na kuku wake wote, na mimi niliyekuwa nikiwalaani kila alfajiri sasa nachelewa kuamka. Mama anakula, anazungumza, anabishana na redio. Jicho lake la kushoto nalo limeaga. Anaona mwanga tu, na mtu akipita mlangoni anaona kivuli. Hapendi uambiwe, kwa hiyo chukulia hujaambiwa.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati Jumapili tu tumeongea. Tangu macho yalipoanza kumtupa mkono, Mama anataka simu ifunguliwe sauti yote, neno lisimpite. Unachosema anakisikia, na ninachotaka kukujibu anakijibu yeye. Barua haina sauti, na yeye hawezi kuisoma. Si jambo la kujivunia kusema hivyo juu ya mzazi wako.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki ya sukari kama kawaida. Daktari ni mpya, mwanamke, kwa umri ni mdogo kwangu, na anaongea taratibu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Alipomaliza na Mama akanigeukia, akaniuliza kama nimewahi kupimwa. Nikamwambia mimi si mgonjwa, mimi ni msindikizaji. Akasema wasindikizaji ndio anaowatafuta: watoto na ndugu wa wagonjwa, wale wasioumwa chochote.

Nikarudi siku nyingine peke yangu, na njaa tumboni kama nilivyoagizwa. Wakanitoa damu, wakaninywesha maji ya sukari mpaka meno yakasisimka, nikakaa kwenye benchi, wakanitoa tena. Muuguzi akanizungushia futi kiunoni. Mimi ninayepima viuno vya watu kutwa nzima, nilitaka kumwambia ameishika vibaya, nikameza. Kisha wakanilaza, wakanipaka kitu cha baridi kifuani na kunipitishia kidude, na kwenye kioo nikauona moyo wangu ukifumba na kufumbua kama ngumi ya mtoto.

Sukari yangu bado haijaitwa kisukari, lakini imeshafunga mizigo, iko njiani. Hilo nililitarajia, mwili wangu unaujua. La moyo ndilo sikulitarajia. Daktari alisema, "Moyo wako unabana vizuri. Tatizo lake ni kwamba haulegei vizuri." Akanieleza kuwa moyo hujaza damu pale unapolegea, na wangu umeanza kuwa mgumu, kwa hiyo unajaza kwa shida. Siumwi. Sina dalili yoyote. Nilipomuuliza umeanza lini, akasema pengine ni miaka sasa, na kwamba kwa watoto wa wagonjwa hulikuta hilo hata kabla sukari haijapanda. Si kwa wote, akasema, lakini si kwa wachache.

Halafu akauliza tuko wangapi. Nikasema tulikuwa watatu, tumebaki wawili. Akauliza wa tatu alikufa kwa nini. Kaka Mkubwa alianguka mbele ya darasa lake akiwa na chaki mkononi, na mvi hata moja hana, na sisi tukamzika tukisema ni husuda ya walimu wenzake.

Nenda ukapimwe, Mlingoti. Mwaka huu sikuombi kingine.

Dada yako


2 Machi

Dada yangu, fundi wa mafundi,

Sketi zimefika na zimemkaa. Somo alizunguka mbele ya kioo mpaka mama yake akamkumbusha kwamba ni sare ya shule, si gauni la harusi. Wifi yako anakusalimu. Anasema pindo lile litafika chuo kikuu.

Kazi inakwenda. Jengo limepanda mpaka ndege wanapita chini yangu. Unajua ninavyosema kila siku: dereva wa kreni ndiye mfanyakazi pekee anayekaa juu ya bosi wake bila kufukuzwa. Asubuhi napanda ngazi ya chuma mpaka kwenye kibanda changu, na sishuki mpaka jioni. Siku hizi nasimama kidogo kwenye kila jukwaa la ngazi. Si kuchoka. Mji unapendeza asubuhi, na mtu asipoutazama sasa atautazama lini?

Hayo ya vipimo nimeyasoma. Pole sana, Dada, na nakuomba ufuate anachokwambia huyo daktari. Lakini mimi nitazame: mwembamba kama sindano yako, sinywi, sivuti, napanda ngazi ambayo vijana wa stoo wanaitazama wakiwa chini na kutikisa kichwa. Sukari nayo inachagua pa kukaa. Kwangu itakalia wapi? Halafu kila mwaka daktari wa kampuni ananitazama ulimi, ananigonga mgongo na kupiga muhuri. Huo muhuri unanitosha.

Kaka Mkubwa muache apumzike.

Mpe Mama salamu zangu, zile za kusikika.

Mdogo wako,
Mlingoti


11 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo nyote watatu, na kwamba kikohozi cha wifi kimekwisha. Mimi nimepata kazi ya sare za wauguzi, kitambaa kigumu kinachovunja sindano. Natembea kila jioni kama nilivyoagizwa, kutoka dukani mpaka kwenye kituo cha mafuta na kurudi, na wauza vocha wameshaanza kunisalimu kama mtu mwenye shughuli zake huko. Chai nakunywa bila sukari. Sitakudanganya kwamba nimeizoea.

Mama amekatwa kidole kidogo cha mguu wa kulia. Kwenye simu alikwambia kiatu kilimbana. Hakuna kiatu, kulikuwa na kidonda asichokisikia, nami nilikiona pale nilipoona shuka lina alama. Alipozinduka aliniuliza kidole chake kimetupwa wapi. Nikasema sijui. Akasema ningeuliza, kilikuwa chake.

Ninarudi kwenye jambo lile na najua hutalipenda. Kliniki nimekutana na kinyozi, mtoto wa mgonjwa anayelazwa kila mara wodi ya Mama. Mwembamba kukuzidi wewe, na jioni anacheza mpira. Kati yetu sote tuliopimwa siku ile, moyo wake ndio uliokutwa mbaya zaidi. Alitoka chumbani akicheka, akaniambia, "Dada, mimi nilikuja kumsindikiza mzee." Alicheka mpaka akaketi chini. Nilimuuliza daktari inakuwaje mtu wa namna ile, akasema wembamba unasaidia lakini haufuti ulichozaliwa nacho. Mimi nilimwelewa kwa kazi yangu. Nguo huchanika siku moja mbele za watu, lakini mshononi ilikuwa ikilika siku zote, na mwenye nguo anaivaa tu.

Na lingine. Jumapili nilikusikia ukihema. Mama alifurahi, akasema mwanangu anaikimbilia simu yangu. Nyinyi mnakaa chumba cha chini, Mlingoti, na simu iko mfukoni mwako. Ulikuwa unakimbia kutoka wapi?

Dada yako


20 Juni

Dada,

Barua yako ilifika zamani. Sitasingizia posta.

Somo amemaliza mitihani na amefaulu. Wifi yako amepona. Mvua zimetusumbua, upepo ukizidi tunafunga kazi na kucheza karata chini ya turubai.

Barua yako wifi yako aliiona kabla yangu. Akaniuliza kuhema huko ni kuhema gani. Nikamwambia Dada amekuwa na mawazo tangu Mama augue. Sasa ananitazama nikila, ananitazama nikifunga viatu. Hilo ndilo uliloniletea nyumbani.

Acha nikueleze kitu ambacho hukielewi ukiwa kwenye cherehani yako. Kazini kwetu mtu akitoka hospitali na karatasi iliyoandikwa moyo, hapandi tena. Hakuna majadiliano. Anashushwa siku hiyo hiyo, na chini hakuna cha kumpa isipokuwa kubeba, na kubeba ni kwa vijana. Nilianza kwa kubeba. Ilinichukua ujana wangu wote kufika kwenye kile kibanda. Huko juu nina jina. Watu wananisubiri mimi. Unataka nikatafute karatasi ya kunishusha, kwa ugonjwa ambao wewe mwenyewe unasema hauumi?

Nadhani umepata hofu, Dada, na unatafuta wa kuogopa naye. Mimi siwezi kuwa mtu huyo. Niandikie ya nyumbani, nitafurahi. Habari hii usiniandikie tena.

Mlingoti


9 Julai

Mdogo wangu,

Ya nyumbani, basi.

Mama amejua. Sikumwambia mimi. Tulikuwa kliniki, yeye amelala nyuma ya pazia anafungwa kidonda, na wauguzi wawili wakaongea kama watu wanavyoongea mbele ya kipofu, wakidhani asiyeona hasikii. Mmoja akauliza yule dada mnene ni nani, mwingine akajibu ni binti wa bibi huyu, naye moyo wake umeshaanza, ndiyo familia zao hizi. Njia nzima Mama hakuuliza tumefika wapi, na unajua Mama na njia.

Tulipofika nilimketisha kitandani, nikaanza kumvua viatu. Akaniwekea mkono kichwani, akauliza, "Ni mimi niliyewapa?"

Nikamwambia hapana. Nilijibu haraka mno, na mtu aliyepoteza macho husikia hata haraka. Kisha akauliza, "Na mkubwa wangu?" Nikaendelea na kamba za viatu.

Tangu siku hiyo anakataa sindano yake ya asubuhi. Ananiambia nimeshajichoma mwenyewe kwa kupapasa, na najua hajafanya. Kidonda kimepanda kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kifundo. Wanataka kukata chini ya goti, na wanataka upesi. Amekataa. Nimemleta daktari mpaka kitandani kwake, nimemleta mjomba, nimemleta mjane wa kaka yetu. Mjane huyo ndiye aliyenitoa machozi, maana alisema mbele ya wote kwamba mwaka wake wa mwisho Kaka Mkubwa alikuwa halali mpaka apangiwe mito mitatu, akilala chini anakosa pumzi, na akamkataza kumwambia mtu. Mama alisikiliza yote. Akasema hana haja ya kuendelea kukatwa vipande vipande wakati alichonacho ameshakigawa kwa wanawe.

Kwenye simu atakwambia mguu unaendelea vizuri. Naye pia ana ya kuficha, tumerithi hata hilo.

Hizo ndizo habari za nyumbani. Ile nyingine ulinikataza.

Dada yako


30 Agosti

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa stoo. Ndipo ninapofanya kazi sasa. Nagawa kofia ngumu na glavu asubuhi, jioni nazipokea. Nina kiti, nina feni, na sina pa kupanda.

Nitakueleza ilivyokuwa, na usinikatize, maana sijamwambia mtu kwa urefu hivi.

Ilikuwa asubuhi ya jua, upepo mdogo tu. Nilikuwa nimening'iniza ukuta wa zege, ule wa kumwagwa chini na kupandishwa mzima, na mafundi wamesimama sakafuni wanausubiri waupokee. Kifua kikakaza kama mtu amenikalia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi mpaka kwenye vidole. Macho yakaingia giza pembeni, nikabaki na kitundu kidogo cha kuonea, na ndani ya kitundu hicho naziona kofia zao za njano. Mwelekezaji wangu, tunayemwita Kipenga kwa mluzi wake, akawa ananiita kwenye redio, shusha, shusha taratibu. Sikumjibu. Niliogopa kusogeza kishikio chochote, nisije nikasogeza kisicho chenyewe. Ukuta ukaanza kuyumba. Wakainua nyuso, wakautazama, kisha wakanitazama mimi. Hawakukimbia, Dada. Walikuwa wamezoea kwamba aliye juu ni mimi. Walisimama pale pale chini ya ukuta ule wakinisubiri.

Sijui ilidumu kiasi gani. Kifua kiliachia kidogo, nikauzungusha ukuta mpaka kwenye uwanja mtupu na kuuweka chini. Kipenga alipanda mwenyewe, yeye ambaye ana kizunguzungu cha ngazi. Alinikuta shati limelowa kama nimeogea nalo. Hakunifokea. Alisema, "Ama uende ukaseme wewe, ama nikaseme mimi. Mmoja wetu atasema leo."

Nikaenda nikasema mimi.

Hospitali wamekuta sukari imeshavuka mpaka, na si jana. Moyo una ukuta mnene na mgumu, umepita pale wako ulipo. Mishipa miwili imebana. Mmoja wameuzibua kwa kupitisha mpira mwembamba kutoka kwenye paja, mwingine wanautazama. Nimekatazwa safari ndefu. Nimekatazwa ngazi. Daktari akasema pole, ugonjwa huu huja kimya na watu wengi hawaambiwi mapema. Nikamwambia mimi niliambiwa. Nilikuwa na barua.

Akauliza kama nina mtoto. Niliitazama picha ya moyo iliyotundikwa ukutani kwake mpaka wifi yako akajibu kwa niaba yangu.

Yeye ndiye aliyempeleka, mimi nilifuata nyuma. Sukari ya Somo ni safi, uzito ni safi, moyo wenyewe bado unalegea vizuri. Kisha wakamfunga mkanda mkononi, wakaubana, wakaufungua ghafla na kutazama jinsi mshipa unavyopanuka damu inaporudi. Wa watoto wenzake unafunguka mara moja. Wa kwake unasitasita. Daktari anasema si ugonjwa, ni dalili ya mapema, na kwa umri wake kuna mengi ya kufanya. Somo alikuwemo chumbani muda wote, alikataa kutolewa. Aliuliza swali moja tu, kama anaruhusiwa kuendelea kuruka kamba. Akaambiwa aruke sana. Njiani aliniuliza, "Baba, kwa hiyo mimi na wewe na Bibi ni kitu kimoja?" Nikamwambia ndiyo.

Mwanzoni nilikusudia kukuomba umfiche Mama haya. Nimebadili. Msomee barua hii yote, na la Somo usiliruke. Alituuliza swali, na wewe ukamjibu hapana kwa huruma, nami kwa woga nisingemjibu kabisa. Mwambie ndiyo, Mama, damu ilitoka kwako, kama ilivyokujia wewe kutoka kwa waliokuzaa, ambao hawakupimwa na mtu. Lakini kukataa kusikia hakukutoka kwako. Hilo nililifanya mwenyewe, nikiwa mtu mzima, na barua ya Dada mfukoni.

Mwambie aukate mguu. Mwambie namwomba.

Mdogo wako


14 Oktoba

Mdogo wangu,

Najua umeshalia, na najua laini ilikatika katikati ya mazishi ukabaki umeshika simu iliyokufa. Mjomba alijaribu kukupigia tena, mtandao ukakataa. Udongo wako nilikutilia mimi, mkono wa kulia wangu, wa kushoto wako. Wifi nimemsikia sauti, anakushika vizuri. Mshukuru kwa niaba yangu.

Haya yafuatayo hayakuwa ya simu.

Barua yako nilimsomea wodini, baada ya wageni kuondoka. Alikuwa ameuelekeza uso ukutani, na sikujua kama anasikiliza au amelala. Nilipofika kwenye ukuta wa zege alishika chuma cha kitanda, hakukiachia mpaka ulipouweka chini. Nilipofika kwa Somo nililaza karatasi gotini, akasema nisome. Nikasoma. Akasema nirudie hapo, nikarudia. Mwisho akauliza, "Mtoto mwenyewe anajua?" Nikamwambia anajua, alikuwemo chumbani. Akaniambia nimwite muuguzi, na muuguzi alipokuja Mama akamwambia waukate.

Walikata kesho yake. Alizinduka vizuri, akaomba chai, akaonja na kusema hospitali hii inachemsha maji ya kufulia. Nilicheka, nikadhani tumevuka. Nilimsugua mgongo, nikamkata kucha za mguu uliobaki, akaongea na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu bei ya vitunguu. Alikufa wakati wanabadilisha zamu, mimi nimeenda kusuuza kikombe. Daktari wetu alikuja mwenyewe kuniambia. Kidonda hakikumuua, wala operesheni. Ni moyo. Alisema kati ya vyote vilivyokuwa vinaumwa kwenye mwili ule, moyo ndio uliotangulia kuugua na ndio uliokuwa haujawahi kulalamika.

Kwa hiyo tumemzika Mama kwa ugonjwa ule ule tuliomzika nao Kaka Mkubwa, ila safari hii tumeutaja. Mjane alipoulizwa na waombolezaji, alisema moyo, kwa sauti, na watu wakageukia vikombe vyao vya chai kama amesema jambo la aibu.

Vyombo vya Mama sijavigusa. Nimerudi kazini, kwa sababu wauguzi wale wale wanangoja sare zao. Jioni natembea. Jumatatu narudi kliniki kupimwa tena, na sitakuficha kwamba naogopa, kwa maana sasa najua kioo kile kinaweza kuonesha nini. Wewe nenda siku uliyopangiwa, hata kama unajisikia mzima. Hasa kama unajisikia mzima.

Nimekaa na neno moja la Mama tangu wiki ile, na naona ni lako zaidi kuliko langu. Alilisema jioni ya kuamkia siku aliyokufa. Nilidhani anasinzia. Sijui kama alikuwa amejisamehe, sikumuuliza, na sijui kama ni kitu cha kuulizwa. Alisema hivi:

"Mimi nimeambiwa wote nimeshawazaa na macho yameshaanza kuondoka. Mkubwa wangu hakuambiwa, na alilojiambia mwenyewe akalificha. Nyinyi mmeambiwa mkiwa na nguvu zenu, mkabishana. Yule mtoto ameambiwa akiwa bado anaruka kamba, na akauliza swali la maana. Msimlilie. Msije mkamnyamazia tu."

Kisha akaomba ageuzwe upande wa pili, nikamgeuza, nikamfunika.

Dada yako